Mtupo mmoja unauzwaje? Kesi ya Clase na Ortiz, mikeka ya mtupo mmoja mmoja, na maisha ya warushaji wa MLB

BoliNne (mleta uzi) | #1

Wakuu, kila nikipita naona kesi ya Emmanuel Clase na Luis Ortiz, warushaji wa Cleveland Guardians kwenye MLB (ligi kuu ya besiboli Marekani), inaitwa ya kuuza mechi. Kinachodaiwa ni kuuza mtupo mmoja tu, na mechi yenyewe unaweza kuishinda huku umeshauza. Ndiyo maana nimeifungulia uzi wake.

Hati ya mashtaka iliyotolewa Brooklyn Novemba 2025 inasema hivi. Clase anadaiwa kuanza Mei 2023 kuwatonya wabetiji mapema kwamba mtupo fulani utakuwa boli, au utakuwa na kasi chini ya kiwango fulani. Ortiz anadaiwa kuingia kwenye mpango Juni 2025. Wabetiji wanadaiwa kuvuna kama dola 400,000 kwa mitupo ya Clase na kama dola 60,000 kwa mitupo ya Ortiz. Wote wawili wamekana, kwa hiyo humu ndani ni "anadaiwa" hadi mahakama iseme.

Sasa tazameni namna inavyoweza kufanyika. Mrushaji wa kufungia mechi, kama Clase, huingia inningi ya 9 (kipindi cha mwisho) timu yake ikiwa mbele kidogo. Mbetiji hahitaji kukisia: geti la bulpeni (pale wanapopashia warushaji wa akiba) likifunguliwa tu, anajua nani anakuja, na zipo dakika kama mbili za kupasha mkono kabla ya mtupo wa kwanza. Muda huo unatosha kufungua simu na kuweka dau. Mrushaji anaachia slaida (mtupo unaopinda) inayogonga udongo mbele ya besi ya nyumbani, mdakaji anaizuia kwa kifua, mwamuzi kimya. Boli, mkeka umetiki. Baada ya hapo jamaa anaendelea na kazi yake, anawatoa wapigaji watatu, watu wanapeana mikono.

Timu imepoteza nini? Karibu na bure. Mechi moja ina mitupo kama 300 kwa timu zote mbili, na msimu wa mechi 2,430 unavuka mitupo 700,000. Boli ya kwanza kwa mpigaji inampa faida ya kama mkimbio (pointi) 0.03 au 0.04. Mwaka 2024 Clase alifunga mechi 47 akiwa na ERA ya 0.61, yaani kwa kila inningi 9 alikuwa haruhusu hata mkimbio mmoja kamili. Kwenye takwimu za namna hiyo boli moja ya makusudi, kama ilikuwepo, haionekani hata uvae miwani miwili.

Kisiki_Mwanza | #2

Mkuu, wengine tumezoea kandanda. Boli ni nini, straiki ni nini? Na gongo hapa ni la mti au lile la kunywa?

MdakajiMkongwe | #3

La mti, ndugu yangu, lile lingine halina nafasi uwanjani.

Mrushaji anasimama kwenye kilima, meta 18.44 kutoka besi ya nyumbani. Besi hiyo ina upana wa sentimeta 43. Juu ya upana huo chora sanduku la hewa, kuanzia chini kidogo ya magoti ya mpigaji hadi katikati ya mabega na kiuno. Mpira ukipita ndani ya sanduku ni straiki. Ukipita nje na mpigaji asizungushe gongo ni boli. Straiki 3 umetoka, boli 4 unapewa besi ya kwanza bure.

Shikilia hayo maneno "asizungushe gongo", maana yake ni kubwa kwenye kesi hii. Mpira wa maili 98 kwa saa, sawa na kilometa 158, unamfikia mpigaji ndani ya sekunde 0.4 hivi tangu utoke mkononi. Anaamua kabla hajauona vizuri. Mara nyingi anazungusha gongo kwenye mpira unaokwenda udongoni, na hapo inahesabiwa straiki hata kama mpira ulipita mbali na sanduku.

Hati ya mashtaka inadai ndicho kilichotokea tarehe 28 Mei 2025 dhidi ya Los Angeles Dodgers. Mtupo ulikwenda chini kama ulivyopangwa, lakini mpigaji wao Andy Pages akazungusha gongo. Straiki. Wabetiji wakapoteza kama dola 4,000. Hati hiyo hiyo inasema baada ya mechi walitumiana vijipicha kwenye simu, na jibu la Clase lilikuwa uso wa mtoto wa mbwa mwenye huzuni. Hata ukimshika mrushaji, mpigaji wa upande wa pili hujamshika, na anaweza kukuchania mkeka bila kujua lolote.

Kisiki_Mwanza | #4

Aisee. Shukrani mkuu, sasa naelewa. Naweka kambi hapa.

Odi_na_Dau | #5

Mimi nizungumzie upande wa odi, maana humo ndimo wengi wanapita juu juu.

Kwenye MLB takriban mitupo ya kwanza 61 au 62 katika kila 100 huishia kuwa straiki, ukihesabu na ile ambayo mpigaji anazungusha gongo. Zinabaki 38 au 39. Odi ya haki ya "boli" ni kama 2.6. Kampuni inakata chake, tuseme inakupa 2.3. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni biashara ya hasara: weka dau la dola 100 mara 100, utarudishiwa kama dola 8,800 kwa kila 10,000 uliyotoa. Mwenye taarifa ya ndani, aliyeambiwa mtupo utakwenda udongoni, nafasi yake haiko tena 38. Hata tukisema wapigaji wanazungusha gongo mara moja kati ya tano, ana 80 kwa 100. Akiweka 100 kwa odi ya 2.3, matarajio yake ni kurudishiwa 184. Biashara gani nyingine inakupa hivyo ndani ya dakika mbili?

Tatizo lake ni ukubwa wa soko. Kwenye "nani atashinda mechi" unaweza kuficha dau kubwa kwa sababu wanaobeti ni wengi. Kwenye "mtupo wa kwanza wa inningi ya tatu ni boli au straiki" wanaobeti ni wachache na dau zao ni za soda. Ukitia elfu kadhaa hapo unang'aa kama taa. Mitupo miwili ya Ortiz iligundulika hivyo. Mmoja ulikuwa wa tarehe 15 Juni 2025 dhidi ya Seattle Mariners, mwanzo wa inningi ya 2. Mwingine wa tarehe 27 Juni dhidi ya St. Louis Cardinals, mwanzo wa inningi ya 3. Kampuni za ufuatiliaji ziliona dau zimeruka kwenye majimbo kadhaa kwa wakati mmoja, zikatoa tahadhari. Ortiz akapewa likizo ya lazima mapema Julai, Clase akafuata mwishoni mwa mwezi.

Kamera hazikumkamata mtu. Uwanja una kamera 12 za Hawk-Eye, zinapima kasi, mzunguko wa mpira, hata sehemu mkono ulipoachia. Lakini slaida udongoni ni mtupo halali kabisa, kila mrushaji anaurusha. Aliyewauza, kama waliuzwa, ni ukubwa wa dau.

BesiYaPili | #6

Na ule ukomo wa dola 200 unasaidia au ni danganya toto?

Odi_na_Dau | #7

Unasaidia zaidi ya watu wanavyodhani. Kwa wasioujua: siku moja baada ya mashtaka, MLB ilitangaza makubaliano na kampuni zinazoshika zaidi ya 98% ya soko la Marekani. Mkeka wa mtupo mmoja usizidi dola 200, na usiunganishwe na mikeka mingine.

Piga hesabu. Dola 200 kwa odi ya 2.3 ni faida ya 260. Hati inadai Ortiz aliahidiwa dola 5,000 kwa mtupo mmoja. Ili kumlipa yeye tu, kabla hujapata hata senti yako, unahitaji akaunti 20 zote zitiki kwa pamoja. Akaunti 20 zinazoweka dola 200 kamili kwenye mtupo ule ule ndani ya dakika mbili, mfumo wowote unaziona. Ukitaka faida ya maana unahitaji akaunti 50 au 100, na kila akaunti ni binadamu mwenye kitambulisho na mdomo.

Kuzuia kuunganisha ni muhimu pengine kuliko ule ukomo. Zamani ungechukua mtupo unaoujua (2.3), ukaubandika kwenye mkeka wenye "Dodgers kushinda" (1.6) na kitu kingine (1.9). Odi inafika karibu 7, na dau lako linaonekana kama la mtu anayejaribu bahati. Mguu mmoja una uhakika, miwili inabaki ya kubahatisha, lakini faida ya jumla bado ni yako. Na kwa macho ya mfuatiliaji hakuna aliyebeti mtupo, amebeti mkeka wa miguu mitatu.

Pengo lililobaki ni soko haramu. Huko hakuna ukomo wala wa kutoa tahadhari.

MamaBulpeni | #8

Nyote mnaruka swali ambalo mtu wa kawaida anauliza kwanza. Clase alisaini mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 20 mwaka 2022. Mtu wa namna hiyo atafute nini kwenye dola elfu tano?

Sina jibu lake yeye, na wala hajahukumiwa. Ila naomba tuzungumze pesa za warushaji kwa jumla, kwa sababu watu wakisikia "milioni" wanadhani wote wanaogelea humo.

Kiwango cha chini MLB mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000 kwa msimu, 2026 ni 780,000. Hulipwi kwa mwaka, unalipwa kwa siku ulizo kwenye orodha ya timu. Msimu una siku kama 186, kwa hiyo kila siku ni takriban dola 4,000. Ukirudishwa Triple-A (ngazi ya juu ya ligi ndogo) na hauko kwenye orodha ya watu 40 (wachezaji wenye mkataba wa ligi kuu), mshahara wa chini huko uliwekwa dola 35,800 kwa mwaka. Shuka ngazi moja hadi Double-A, 30,250. Kambi za wanaoanza, 19,800. Na hizo ndizo zilizoboreshwa na mkataba wa 2023. Kabla ya hapo Triple-A ilikuwa 17,500 na kambi 4,800. Nyumba kwa wachezaji wa ligi ndogo zilianza kugharamiwa na klabu 2022, kabla ya hapo vijana walikuwa wanalala wanne au watano chumba kimoja, magodoro ya upepo sakafuni.

Kodi je? Mchezaji anatozwa na karibu kila jimbo analochezea, wanagawanya mshahara wake kwa siku za kazi alizokuwa pale. Wakienda Toronto, Kanada nayo inachukua chake. Fomu za kodi za mchezaji wa benchi zinaweza kuwa nene kuliko mkataba wake. Wakala huchukua asilimia 4 au 5, ingawa kanuni za chama cha wachezaji hazimruhusu kukata hadi ushuke chini ya kile kiwango cha chini. Kwa hiyo anayelipwa kiwango cha chini, kwenye mshahara, wakala hapati kitu.

Na kwa vijana wa Dominikana kuna mtu mwingine kwenye foleni. Klabu zote 30 zina akademi kule. Kijana anaruhusiwa kusaini kuanzia miaka 16, lakini anayemlea, kumlisha na kumfundisha tangu akiwa na 12 au 13 ni mwalimu wa mtaani, wenyewe humwita buscón. Siku ya kusaini anachukua sehemu yake, na si ndogo.

MrushajiMashoto | #9

MamaBulpeni umenena. Ongeza na kampuni zinazonunua mapato ya baadaye. Fernando Tatis Jr. akiwa bado ligi ndogo alichukua kama dola milioni 2 kutoka kampuni moja, naye akaahidi 10% ya mapato yake yote ya MLB. Februari 2021 akasaini na San Diego Padres miaka 14, dola milioni 340. Asilimia 10 yake fanyeni wenyewe. Juni 2025 alifungua kesi kuupinga ule mkataba.

Kabla hamjamcheka: wakati anachukua ile pesa, hakuna aliyejua atafika. Wengi waliochukua pesa za namna hiyo hawakufika MLB, na hawadaiwi kitu. Kwa kijana ambaye kiwiko kinaweza kukatika kesho, si upumbavu.

Kisiki_Mwanza | #10

Kiwiko kukatika tena?

MrushajiMashoto | #11

Ndiyo ajali ya kazi yenyewe. Upande wa ndani wa kiwiko kuna kano inayofunga mfupa wa mkono wa juu na wa chini. Kila mtupo wa nguvu unaivuta karibu na kikomo chake. Ikichanika, daktari anachukua kano nyingine, mara nyingi ile nyembamba ya kifundo cha mkono (gusanisha kidole gumba na cha mwisho, kunja kiganja kuelekea kwako, utaiona imesimama katikati, wengine hawana kabisa) au ya nyuma ya paja. Anatoboa mashimo kwenye mifupa miwili, anapitisha kano mpya, anaikaza. Operesheni inaitwa Tommy John kwa jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa, na Dk. Frank Jobe, mwaka 1974. John alirudi 1976 na akashinda mechi 164 zaidi.

Kurudi ni miezi 12 hadi 18. Kukaza kiwiko, kunyoosha, kisha kurusha mpira hatua chache tu, kuongeza umbali wiki baada ya wiki, halafu kilima, halafu wapigaji. Wapo wanaoharibikiwa pale kwenye kilima, mkono unajisikia mzima kabla kano mpya haijashika sawasawa. Shohei Ohtani, nyota wa Dodgers, amepasuliwa kiwiko mara mbili, 2018 na 2023.

Kwa nini wanaumia zaidi sasa? MLB yenyewe ilitoa ripoti Desemba 2024, ikasema chanzo kikubwa ni kusaka kasi na mizunguko kwa nguvu zote kila mtupo. Wastani wa mpira wa kasi ulikuwa maili 91.3 mwaka 2008, ukafika 94.2 mwaka 2024. Zamani mrushaji alitunza gia ya juu kwa wakati wa hatari. Leo anajua akitunza, kuna mwingine Triple-A anarusha 97 na anasubiri simu.

BesiYaPili | #12

Hiyo simu ndiyo hasa. Watu wanajadili mamilioni, hawajadili mchezo wa orodha.

Mchezaji aliye kwenye orodha ya watu 40 anaweza kushushwa ligi ndogo katika misimu 3 bila kuulizwa, na ndani ya msimu mmoja hadi mara 5. Mrushaji akishushwa lazima akae siku 15 kabla ya kupandishwa, isipokuwa anaziba pengo la majeruhi. Mpigaji ni siku 10. Akimaliza misimu yake 3, klabu haiwezi kumshusha tena bila kumpitisha kwa klabu nyingine zote zimkatae. Kwa hiyo mrushaji mwenye misimu ya kushushwa ana bahati mbaya ya kuwa rahisi kutumika: jana amerusha inningi 3, leo mkono umechoka, anashushwa, anapandishwa aliyepumzika. Hajakosea chochote. Amelipiwa ile kazi nzuri kwa tiketi ya kurudi.

Halafu kuna siku za utumishi. Siku 172 ni mwaka kamili. Kwa kawaida miaka 3 ndipo unaruhusiwa kubishania mshahara mbele ya msuluhishi, 6 ndipo unakuwa huru kwenda utakako. Ukiishia 171, mwaka haukutimia. Klabu zinaijua hesabu hiyo kuliko mama yako anavyojua siku yako ya kuzaliwa.

Juma_Dodgers | #13

Kwani Ohtani si ndiye aliyesaini milioni 700 na anapokea milioni 2 tu kwa mwaka? Hiyo nayo mnaionaje?

BoliNne | #14

Mkuu, milioni 68 za kila mwaka zimesogezwa mbele, zilipwe 2034 hadi 2043, bila riba. Ndiyo maana kwenye hesabu ya kodi ya ligi kwa timu zinazotumia pesa nyingi, mkataba unahesabiwa kama milioni 46 kwa mwaka. Ni mada nzuri lakini ifungulie uzi wake, hapa tutapotea.

Juma_Dodgers | #15

Sawa mkuu. Ila mkalimani wake anahusika humu, au naye nimfungulie?

MdakajiMkongwe | #16

Huyo anahusika nusu. Ippei Mizuhara hakubeti besiboli kwa ushahidi uliotolewa, alibeti michezo mingine kwa wakala haramu, kama mikeka 19,000 kuanzia Desemba 2021 hadi Januari 2024. Alivyoiba ni somo la benki. Alikuwepo Ohtani alipofungua akaunti, akabadilisha namba ya simu na barua pepe ili uthibitisho wa benki uje kwake, kisha akapiga simu benki akijifanya ndiye Ohtani. Zikatoka karibu dola milioni 17. Februari 2025 akahukumiwa miezi 57 jela.

Tofauti na kesi ya Cleveland ni kubwa. Pale mchezaji ndiye aliyeibiwa.

Kwa sababu mmeligusa, niweke sheria sawasawa. Ni Kanuni ya 21, na inabandikwa kwenye kila chumba cha kubadilishia nguo. Ukibeti mechi ya besiboli isiyokuhusu, unafungiwa kucheza mwaka mmoja. Ukibeti mechi ya timu yako, ni maisha. Ukicheza chini ya uwezo wako kwa makusudi, nayo ni maisha. Haijalishi dau wala ligi. Kubeti NBA kwa kampuni halali? Ruksa.

Tucupita Marcano, aliyekuwa Pittsburgh Pirates, alifungiwa Juni 2024, maisha. Alibeti besiboli mara 387, zaidi ya dola 150,000, humo mikeka 25 yenye mechi za Pirates wakati yumo kwenye orodha yao ya majeruhi. Alishinda asilimia 4.3 tu ya mikeka yake ya MLB, na yote iliyounganishwa yenye Pirates ilichanika. Siku ile ile mrushaji Michael Kelly alifungiwa mwaka mzima kwa mikeka 10 aliyoweka 2021 akiwa ligi ndogo. Jumla ya dau: dola 99.22. Rudini juu kwa MamaBulpeni mkaangalie mwaka mmoja wa MLB ni kiasi gani.

Mwamuzi Pat Hoberg alifutwa kazi Februari 2025 kwa kushiriki akaunti ya kubeti na rafiki yake aliyebeti besiboli, na kufuta meseji. Ligi ilisema haikupata ushahidi kwamba alipindisha maamuzi. Pete Rose alifungiwa 1989 kwa kubeti besiboli. Mei 2025 kamishna Manfred akaamua kifungo cha maisha kinaisha mtu akifa, akamwondoa yeye na Shoeless Joe Jackson wa kashfa ya kuuza mechi ya 1919 kwenye orodha ya waliofungiwa. Mimi sikubaliani na uamuzi huo, ila ndivyo ilivyo.

MamaBulpeni | #17

Kuna upande mwingine wa kubeti ambao hauna mashtaka. Mei 2025 Lance McCullers Jr. wa Houston alirusha vibaya, akatumiwa vitisho vya kuuliwa watoto wake. Polisi walimfuatilia aliyetuma, wakakuta ni mtu wa nje ya Marekani, alikuwa amelewa, mkeka wake umechanika. Liam Hendriks wa Boston naye alilalamika mwezi ule ule. Kabla ya mikeka ya mchezaji mmoja mmoja, shabiki aliilaani timu. Leo mkeka una jina la mtu: "McCullers, kuwatoa kwa straiki wapigaji zaidi ya watano". Akipata wanne, hasira inajua pa kwenda.

KampalaSlugger | #18

Salaam kutoka Uganda. Swahili yangu si ya pwani, mtanisamehe.

Hii Kanuni ya 21 inatuhusu hata sisi. Dodgers walisaini vijana wawili wa huku mwaka 2022, Umar Male na Ben Serunkuma, wote warushaji. Kanuni ni ile ile kwa mtoto wa kambi ya dola 19,800 na kwa Ohtani. Huku kubeti ni kila kona, mtoto wa miaka 18 anaona kawaida kabisa. Ningetaka kujua: kumwambia rafiki "kesho naanza mimi", hiyo tayari ni kosa?

MdakajiMkongwe | #19

Karibu sana ndugu yetu, na Kiswahili chako hakina shida.

Ikiwa klabu imeshatangaza mrushaji wa kesho, si siri. Ikiwa haijatangaza, au unasema "kiwiko kinauma, nitarusha taratibu", umetoa taarifa ya ndani. Rafiki akiibetia, hata wewe usipopata shilingi, umejiweka pabaya. Njia salama kwa kijana ni tatu: asizungumze hali ya mwili wake nje ya klabu, asimwazime mtu akaunti wala simu, na akifuatwa na mtu wa mikeka aripoti klabu siku hiyo hiyo. Kukaa kimya baada ya kufuatwa nako ni kosa: Kanuni ya 21 inakutaka utoe taarifa.

BesiYaPili | #20

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kuanzia 2026 kuna ule mfumo wa kukata rufaa ya boli na straiki kwa kamera. Utabadilisha chochote kwenye biashara hii?

BoliNne | #21

Kwa mtupo wa udongoni, hapana. Anayetaka boli ya uhakika harushi karibu na mstari, anarusha mbali hadi mwamuzi asiwe na la kufikiri. Pale kamera na jicho vinakubaliana.

Unapobadilisha mambo ni pembezoni. Kila timu ina rufaa 2, ukishinda unabaki nayo. Anayeruhusiwa ni mrushaji, mdakaji au mpigaji peke yake, anagusa kofia au helmeti papo hapo bila kutazama benchi. Sanduku linapimwa kwa urefu wa mchezaji aliyesimama: juu ni 53.5% ya kimo chake, chini ni 27%. Fanya hesabu ya Aaron Judge mwenye meta 2.01: sanduku linaanza sentimeta 54 na kuishia 107.5. José Altuve ana 1.68, lake linaanza 45 na kuishia 90. Mpira wa sentimeta 100 ni straiki kwa Judge na boli ya wazi kwa Altuve, na hapo ndipo waamuzi walikuwa wanakosea kila wiki.

Odi_na_Dau | #22

Nyongeza ndogo kwa wanaobeti: kabla hujaweka dau kwenye mtupo, soma masharti ya kampuni kuhusu mtupo uliokatiwa rufaa, na kuhusu mpigaji aliyegongwa na mpira. Kwenye kampuni nyingi kugongwa kunahesabiwa pamoja na boli. Watu wanachaniwa mikeka halafu wanakuja kulia humu.

Kisiki_Mwanza | #23

Mimi nabaki na kandanda langu, ila nimeshika kiganja hapa natafuta ile kano ya Tommy John. Mkono wa kulia ipo, wa kushoto sioni kitu.

MrushajiMashoto | #24

Ni kawaida mkuu. Watakuchukulia ya paja.